Kuuza Vito Mtandaoni kwa Masonara: Anza na Milimita

Mwaka 2020 Saniniu Laizer alitoa Mirerani mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, serikali ikayanunua kwa shilingi bilioni 7.74. Wiki ile simu yangu haikupumzika. Ndugu, majirani, hata watu tuliosoma nao shule ya msingi, wote walitaka kujua mtu anaingiaje kwenye biashara ya vito. Karibu wote walikuwa wanaota jiwe kubwa.

Sonara anayekaa kwenye meza yake Kariakoo, Mji Mkongwe au Mombasa hana haja na jiwe la kilo. Anatafuta mawe mawili ya duara, milimita 5 kila moja, rangi moja, yakae kwenye hereni alizokwisha kuzifua. Anayataka kabla ya Ijumaa kwa sababu bibi harusi anasubiri. Akimpata mtu wa kumletea mawe hayo mara kwa mara, kwa kipimo alichoahidiwa na bila kufichwa kitu, atamshika mtu huyo miaka na miaka.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuwa mtu huyo, akiuza kwa simu na intaneti. Mimi niko Arusha, kwa hiyo mifano mingi ni ya huku.

Hatua ya 1: Kaa karibu na meza ya sonara

Kabla hujanunua hata jiwe moja, tafuta sonara atakayekuruhusu ukae naye nusu siku ukimtazama anavyofanya kazi. Utaona droo yenye pete na hereni zilizomiminwa tayari, zimeagizwa kutoka Dubai au India, kila moja ina nafasi ya jiwe ya kipimo maalumu: duara la milimita 4, duara la 5, yai la 7 kwa 5, yai la 8 kwa 6. Jiwe likizidi robo ya milimita halikai. Likipungua, makucha ya pete hulishika kwa shida, na siku moja litadondoka sokoni mwenyewe asijue.

Utamwona pia fundi wa fedha anayefua kila kitu kwa mkono. Huyo anaweza kulizungushia jiwe la umbo lolote ukuta mwembamba wa fedha, na mara nyingi anapenda mawe yaliyong'arishwa kama mgongo wa kobe, yasiyo na nyuso, yaani pande bapa zilizokatwa. Hawa ni wateja wawili tofauti kabisa. Amua mapema utaanza na yupi, maana mtaji wa kuwahudumia wote wawili vizuri ni mkubwa.

Mimi nililijua hili baada ya hasara. Oda yangu ya kwanza ya maana ilikuwa mawe 12 ya rodolaiti, kito cha rangi ya zambarau, umbo la yai, 7 kwa 5, ya sonara mmoja wa Mombasa. Mkataji alinipa mawe mazuri, nikayapenda, nikayatuma. Manane yakarudi. Lililokuwa refu kuliko yote lilifika milimita 7.4. Mkataji hakuwa na kosa. Nilimwambia "saba kwa tano" nikanyamaza, sikumwambia kwamba siruhusu kuzidi au kupungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Naye alifanya kama wakataji wote walivyozoea: akalinda uzito, kwa kuwa jiwe huuzwa kwa karati, kipimo cha uzito wa vito, na yeye alikuwa akilipwa kwa karati.

Tangu hapo, mawe ya vipimo maalumu namlipa mkataji kwa jiwe. Jiwe likitoka na kipimo tulichokubaliana analipwa kamili, hata kama ameondoa uzito kulifikisha hapo. Badiliko hilo dogo la malipo limenisaidia kuliko maelekezo yote niliyowahi kumpa.

Hatua ya 2: Leseni na kodi

Nchini Tanzania vito ni madini, na madini hayauzwi kama viatu. Anayesimamia ni Tume ya Madini. Kuna leseni ya udalali, inayomruhusu mtu kununua kwa mchimbaji na kumuuzia mfanyabiashara mkubwa, na kuna leseni ya huyo mkubwa, ambaye mtaani tunamwita dila. Dila ndiye anayeruhusiwa kupeleka mawe nje ya nchi. Kila mzigo unaotoka unahitaji kibali, na mrabaha wa jiwe lililokatwa ni mdogo kuliko wa jiwe ghafi. Kwa mawe ghafi sheria imebana sana tangu marekebisho ya mwaka 2017. Tanzanaiti ina masharti yake ya ziada kuhusu mahali pa kuuziwa, na masharti hayo yamebadilika zaidi ya mara moja tangu ukuta wa Mirerani ulipozinduliwa mwaka 2018. Nenda mwenyewe ofisi ya Tume ya mkoani kwako, uulize utaratibu wa leo, usitegemee alichokuambia dalali.

Wengi tunaoanza na mtaji mdogo hununua mawe yaliyokatwa kwa dila mwenye leseni, tukapewa risiti, na mzigo wa nje tukausafirisha kupitia kwake kwa makubaliano. Faida inapungua kidogo, lakini unalala usingizi. Kenya nako Sheria ya Madini ya 2016 inadai leseni ya biashara ya madini na kibali cha kusafirisha.

Mengine ni yale ya biashara yoyote: jina la biashara BRELA, namba ya mlipakodi TRA, leseni ya halmashauri. Tunza risiti ya kila jiwe. Siku mteja wa nje akiuliza jiwe limetoka wapi, au ofisa wa forodha akikusimamisha, karatasi ndiyo itakayokusemea.

Hatua ya 3: Chagua aina tatu

Nchi hii imejaa vito. Tunduru na Songea kuna yakuti na spineli, Bonde la Umba kuna yakuti za rangi usizoweza kuzihesabu, Mahenge kuna spineli, Loliondo kuna garneti ya rangi ya chungwa, Longido kuna rubi ndani ya jiwe la kijani ambalo wachongaji wanalipenda. Ukitaka kuwa na kila kitu utaishia na jiwe mojamoja la kila aina, na sonara akikuomba jozi huna.

Mimi ningemshauri anayeanza ashike rodolaiti kwanza. Ni garneti ya zambarau inayokaribia wekundu wa komamanga. Ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, ni 7 hadi 7.5, haina tabia ya kupasuka kwa mstari, haichomwi kubadilishwa rangi, na bei yake inamruhusu sonara kuijaribu bila woga.

Ya pili iwe tsavoraiti, garneti ya kijani. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliipata upande wa Tanzania mwaka 1967, baadaye akaipata Taita Taveta, Kenya, na jina la kito hicho limetokana na mbuga ya Tsavo. Mawe makubwa ni adimu na ghali mno, lakini ya milimita 3 na 4 yanapatikana, yanang'aa sana, na masonara huyatumia kuzungushia jiwe la katikati. Hapo ndipo mfanyabiashara mdogo anaweza kusimama.

Ya tatu chagua kati ya tanzanaiti na spineli. Spineli ina ugumu wa 8 na inafaa pete ya kuvaliwa kila siku. Tangu fuwele kubwa za waridi na nyekundu zilipopatikana Epanko, Mahenge, mwaka 2007, dunia nzima inaiulizia, na bei imepanda ipasavyo. Tanzanaiti inajulikana na kila mtu, lakini ina ugumu wa 6 hadi 7 tu. Vumbi la kawaida la nyumbani lina chembe za kwatzi zenye ugumu wa 7, kwa hiyo pete ya tanzanaiti inayofutwa vumbi kila siku huchubuka polepole. Ina pia upande mmoja inakopasuka kirahisi ikigongwa, na haivumilii joto la ghafla. Iuze kwa hereni na vidani. Sonara akitaka ya pete, mwambie haya kabla hajalipa.

Kuna jina moja nitakuomba ulitumie kwa uangalifu. Garneti ya rangi kati ya waridi na chungwa inayotoka Umba inaitwa sokoni "malaya". Inasemekana iliitwa hivyo kwa sababu haikuingia kwenye familia ya garneti yoyote iliyojulikana wakati huo. Wazungu wanalitumia neno hilo bila kujua uzito wake, wengine huandika "malaia". Kwa mteja wa Kiswahili andika garneti ya Umba. Mwanamke anayenunuliwa pete ya uchumba hastahili kuandikiwa neno lile kwenye risiti.

Hatua ya 4: Kununua

Anza na mawe yaliyokatwa. Najua wachimbaji watakuonyesha mawe ghafi kwa bei inayotamanisha, lakini fanya hesabu hii kwanza. Namba ni za mfano tu.

Tuseme umenunua gramu 20 za rodolaiti ghafi kwa shilingi 30,000 kwa gramu, jumla 600,000. Gramu moja ni karati 5, kwa hiyo unaona karati 100, na kichwani jiwe limekugharimu shilingi 6,000 kwa karati. Sasa chambua. Gramu 3 zina nyufa, hazikatiki. Zimebaki gramu 17, yaani karati 85. Katika kukata, sehemu kubwa ya jiwe inakwenda kuwa unga: ukibaki na asilimia 22, una karati 18.7. Mkataji anataka, tuseme, 187,000. Umetumia 787,000 kupata karati 18.7, kila karati ni kama 42,000. Ukitoa karati 3.7 zilizotoka na rangi hafifu ambazo sonara atazikataa, karati 15 zilizobaki zinasimama kwenye shilingi 52,500 kila moja, na bado hujalipia picha, kibali wala usafiri. Ile hesabu ya 6,000 imeshaua mitaji ya vijana wengi ninaowafahamu.

Ukiwa unanunua yaliyokatwa, usinunulie juani. Jua la saa sita linalifanya kila jiwe lionekane kito cha mfalme. Ingia kivulini, weka jiwe juu ya karatasi nyeupe, litazame kwa mwanga wa mchana usio wa moja kwa moja. Kisha lipeleke chini ya balbu ya njano. Tanzanaiti iliyokuwa ya bluu inaweza kuegemea zambarau, na mvaaji ataiona hivyo hivyo usiku kwenye harusi, kwa hiyo lazima ujue.

Halafu lenzi ya kukuza mara 10. Viputo vya duara kama vya soda vina maana umepewa chupa, yaani kioo cha kawaida. Kingo za nyuso zilizolainika kama sabuni iliyotumika ni dalili nyingine ya chupa. Kwa tanzanaiti, nunua dikroskopu ndogo ya mfukoni. Ni bomba fupi linalotenganisha rangi za jiwe ukazione kando kwa kando. Ukichungulia jiwe na kuligeuza, tanzanaiti halisi inaonyesha bluu upande mmoja na zambarau upande wa pili. Chupa inaonyesha rangi ileile pande zote. Kile kifaa cha kupimia almasi chenye taa kisikushawishi, kwa mawe ya rangi hakikusaidii. Kuwa macho pia na rubi za kiwandani. Zimetengenezwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na vipande vyake husuguliwa vikafanana na mawe yaliyookotwa mtoni, vikachanganywa kwenye fungu hata karibu na machimbo. Jiwe likiwa kubwa, safi kupita kiasi na rahisi, lipeleke likapimwe kwanza. Arusha tuna Kituo cha Jemolojia Tanzania.

Neno kuhusu mali kauli. Dila akikuamini atakupa mawe uende ukauze, umlipe baadaye. Ni mlango mzuri kwa asiye na mtaji, na biashara nyingi za Arusha zimejengwa hivyo. Lakini andikeni kila jiwe, uzito wake, bei mliyokubaliana na siku ya kurudisha, mbele ya shahidi. Jiwe la mali kauli likipotea mikononi mwako, umelinunua. Na usimpe sonara mali kauli mawe ambayo wewe mwenyewe umeyachukua mali kauli. Mnyororo ule ukikatika, anayebaki na deni ni wa katikati.

Hatua ya 5: Pima, uandike

Vifaa ni vichache: vernia kalipa ya kidijitali ya kupimia milimita, mizani inayosoma hadi sehemu ya elfu moja ya gramu, kibano chenye ncha laini, lenzi, kitambaa kisichoacha nyuzi. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo mizani ya jikoni haitakusaidia.

Kila jiwe lipime urefu, upana na kina. Kina wengi hukisahau, kumbe ndicho kinachomwambia sonara kama tumbo la jiwe litagusa kidole cha mvaaji. Jiwe la duara lipime upana mara tatu ukiligeuza, ukipata 5.0, 5.2 na 4.9, hilo si duara, usiliandike duara.

Masonara wengine watakuomba "karati moja ya rodolaiti, na karati moja ya tanzanaiti, ziwe sawasawa". Hapo wasaidie. Garneti ni nzito kuliko tanzanaiti kwa ujazo uleule. Duara la milimita 6 lenye kina cha 3.9 litakuwa na karati kama 0.85 likiwa tanzanaiti, na kama 0.97 likiwa rodolaiti. Akitaka mawe yafanane kwa macho aagize kwa milimita, aachane na karati.

Kisha lipe kila jiwe namba. Yangu huonekana hivi: RD-Y75-031, rodolaiti, yai, 7.02 × 5.03 × 3.4, karati 0.92, haijachomwa, fungu la Machi. Namba hiyo inaandikwa kwenye karatasi lilimokunjwa, kwenye daftari na kwenye tangazo. Jozi ipewe namba moja na isitenganishwe, hata mtu akikulilia umuuzie jiwe moja. Kuitafuta pacha wa jiwe lililobaki ni kazi ya miezi.

Hatua ya 6: Picha isiyodanganya

Simu inatosha. Osha jiwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likaushe, lishike kwa kibano. Alama ya kidole inaua mng'ao wote. Kaa karibu na dirisha lisilopigwa na jua, weka nyuma karatasi ya kijivu. Nyeupe inaidanganya kamera, ikalifanya jiwe liwe jeusi. Zima kila kitu kwenye simu kinachojidai kuboresha rangi. Baadhi ya simu zinaipenda mno bluu, na tanzanaiti hafifu inatoka kama ya daraja la kwanza. Linganisha picha na jiwe lenyewe kabla ya kuituma, na ukiona picha ni nzuri zaidi, irudie.

Sonara anahitaji vitu vinne: picha ya mbele, picha ya ubavuni aone kina na unene wa kiuno cha jiwe, picha ya jiwe likiwa kwenye kalipa namba zikisomeka, na video ya sekunde kumi ukiligeuza polepole. Video ndiyo inayofichua kama jiwe lina dirisha, yaani sehemu ya katikati isiyorudisha mwanga. Njia ya kulijua ni rahisi: liweke juu ya gazeti, ukisoma herufi kupitia katikati ya jiwe, mkataji amelipunguza mno tumbo. Jiwe la namna hiyo linauzika, lakini kwa bei yake na likisemwa.

Weka mtandaoni jiwe lililo ndani ya droo yako tu. Huku kwetu picha ya jiwe moja inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, madalali watano wanaitangaza, hakuna hata mmoja aliyeshika jiwe. Sonara analipa malipo ya awali, jiwe limeshauzwa jana. Akipatwa na hilo mara moja harudi tena.

Hatua ya 7: Sema kilichofanyiwa jiwe

Hapa ndipo ninapokuwa mkali kwa vijana ninaowafundisha. Sonara anafanya kazi kwa moto na asidi. Usipomwambia jiwe limefanyiwa nini, unaweza kumharibia jiwe, pete na jina lake kwa mteja wake kwa siku moja.

Tanzanaiti karibu zote zimechomwa. Nyingi hutoka ardhini za kahawia, zikichomwa kwenye nyuzi joto 500 hadi 600 hivi zinakuwa bluu, na rangi hiyo haitoki. Hakuna aibu hapo, andika tu "imechomwa". Ongeza: isipigwe moto wa kuchomelea, isitiwe kwenye mashine ya kusafishia kwa mitetemo wala mvuke. Sonara akirekebisha pete yenye tanzanaiti, alitoe jiwe kwanza.

Rubi iliyojazwa kioo chenye risasi ni jambo zito zaidi. Nyufa zake zimezibwa na kioo, kwa macho inapendeza, bei yake ni ndogo. Ikikutana na moto wa sonara, au na asidi anayosafishia dhahabu baada ya kuchomelea, kioo kinaliwa na nyufa zote zinajitokeza. Mimi siziuzi. Ukiuza, ziandike kwa herufi kubwa kama zilivyo.

Kuna somo la karibu nasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yakuti za Songea zilikuwa miongoni mwa zile zilizochomwa Thailand pamoja na elementi ya beriliamu, zikapata rangi kali za njano na chungwa, na ziliingia sokoni bila kuelezwa. Maabara zilipogundua, wanunuzi waliogopa yakuti za rangi hizo zote, pamoja na zile ambazo hazikuguswa. Aliyeumia ni pamoja na mchimbaji wa Songea ambaye hakuwahi kuiona tanuri hiyo.

Tsavoraiti na rodolaiti hazichomwi, na spineli nyingi za Mahenge vilevile. Lakini kwa spineli ya bei kubwa andika "haijachomwa" pale tu unapokuwa na cheti cha maabara. Bila cheti, andika ulichoambiwa na aliyekuuzia, useme ndiye aliyesema.

Hatua ya 8: Duka na malipo

Instagramu na WhatsApp vinatosha kuanzia. Panga matangazo kwa vipimo, kwa kuwa sonara anatafuta "duara 4" kabla ya kutafuta jina la jiwe. Mteja wa ndani mwekee bei kwa shilingi. Usibadilishe bei kila wiki. Sonara naye ameshampa mteja wake bei, na ukimgeuka unamwaibisha.

Kwa malipo ya simu, usiamini ujumbe uliotumiwa picha yake. Fungua salio lako mwenyewe, uone fedha imeingia. Kwa mteja wa nje, kabla ya kuahidi njia yoyote hakikisha akaunti iliyofunguliwa nchini kwako inapokea fedha, maana zipo zinazoruhusu kutuma tu. Na mtu asiyekujua akikulipa zaidi ya bei kisha akaomba umrudishie ziada haraka, simama. Ngoja benki ithibitishe.

Hatua ya 9: Kufunga na kutuma

Kila jiwe liwe kwenye karatasi yake au kikopo chake chenye sponji. Spineli na tanzanaiti zikisafiri pamoja kwenye kijimfuko kimoja, tanzanaiti itafika na kingo zilizochubuka. Tikisa kifurushi karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza, fungua upya. Nje usiandike vito wala jina la biashara linalotaja mawe.

Ndani ya nchi mimi huwatumia wasafirishaji wanaotoa risiti yenye namba ya kufuatilia, na sonara huja na kitambulisho. Kwa nje, soma masharti ya kampuni kuhusu vito kabla ya kupeleka mzigo. Nyingi zina kikomo cha thamani au hazilipi fidia ya mawe yaliyopotea. Bima ilipie. Kwenye hati ya forodha msimbo wa vito visivyo almasi ni 7103, andika thamani ya kweli. Wateja wengine watakuomba uandike ndogo wakwepe kodi yao. Kataa kwa adabu, umweleze kwamba mzigo ukipotea bima italipa kiasi kilichoandikwa. Mwambie mapema pia kwamba kodi ya kuingiza nchini kwake ni yake.

Hatua ya 10: Jiwe likirudi, na sonara akirudi

Toa siku 14 za kurudisha, kwa sharti moja lililoandikwa kwenye kila risiti: jiwe lisiwe limeshawekwa kwenye pete. Likishashikwa na makucha huwezi kujua nani aliliumiza. Likirudi, lipime na lipige picha mbele ya aliyelileta au kwa video ukifungua kifurushi, ulinganishe na namba ya daftari. Nimewahi kurudishiwa jiwe ambalo halikuwa langu. Daftari ndilo lililomaliza ubishi.

Lipo jambo moja ambalo masonara watakuja kukuomba, huenda baada ya mwaka. Mteja wao amepoteza hereni moja, anataka jiwe la kufanana na lile lililobaki. Kwa hiyo kabla hujauza fungu lote, toa mawe mawili ya kila kipimo, yaandike namba ya fungu, yafungie pembeni usiyatangaze. Sonara akipiga simu, muulize namba iliyo kwenye risiti, fungua daftari, kisha nenda kwenye kile kijisanduku.